Safu ndani ya safu: Istilahi zinazompoteza mwanafunzi wa programu

Majuzi niliombwa kutoa maoni kuhusu mswada wa kufundishia uandishi wa programu za kompyuta kwa Kiswahili. Nia yake ni njema na sarufi yake haina neno. Nilikwama katika sura inayoeleza namna ya kuchukua kipengele kimoja kutoka kwenye data iliyopangwa kwa vipimo viwili. Mwandishi ameuita mpangilio mzima "safu". Mstari wa mlalo nao ni "safu", na ule wa wima pia ni "safu". Basi mwanafunzi anaagizwa aende safu ya pili katika safu ya tatu ya safu. Aende wapi? (Na haya unayoyasoma, ndugu msomaji, nayo yamo katika safu.)

Hebu tutumie bao. Bao la Kiswahili lina mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja, jumla mashimo 32. Wachezaji hawahitaji nambari kwa sababu mashimo yenye kazi maalumu yana majina: nyumba, kichwa, kimbi. Kompyuta haiyajui majina hayo. Inataka nambari mbili, ya mstari kwanza, kisha ya shimo ndani ya mstari huo. Tena katika lugha kama C na Python, hesabu huanzia sifuri. Nikihesabu mistari kuanzia ule wa nyuma ulio karibu nami, na mashimo kuanzia kushoto kwangu, nyumba yangu, ambayo ni shimo la tano katika mstari wangu wa mbele, ni bao[1][4]. Nyumba ya mpinzani wangu ni bao[2][3], kwani kushoto kwake ndiko kulia kwangu.

Mswada unasema [1][4] ni "kipengele cha nne katika safu ya kwanza". La hasha! Ni cha tano katika mstari wa pili.

Lugha yetu yenyewe inachangia kosa hili. Kiswahili kina maneno mawili tu ya nafasi yanayojitenga na idadi: kwanza na pili. Kuanzia tatu, neno ni lilelile: vitu vinne, kitu cha nne. Kwa hivyo, mfasiri akiona 4 huteleza moja kwa moja hadi "cha nne". Sifuri nayo haina nafasi kabisa. Nani amewahi kusikia mtoto wa sifuri?

Kosa likitokea, kompyuta hainung'uniki maadamu nambari haijavuka mpaka wa jedwali. Programu ya kusoma alama za mtihani itampa Achieng' alama za Mutua, na hakuna atakayejua mpaka mzazi afike shuleni.

Wapo watakaosema tuanzie moja, yaishe. Kweli Fortran, MATLAB na R huanzia moja kwa kawaida. Lakini Edsger Dijkstra aliitetea sifuri mwaka 1982, na lugha nyingi wanazojifunza vijana wetu leo zinaanzia hapo. Kazi ya mfasiri si kuamua ugomvi huo, ni kumwambia mwanafunzi yuko upande gani.

Silikubali pia neno "faharasa" kwa ile nambari ya ndani ya mabano. Faharasa ni orodha ya mwishoni mwa kitabu, ati mwanafunzi aitafute ndani ya mabano! Napendekeza "nambari ya nafasi". Mpangilio wa vipimo viwili uitwe jedwali, wa mlalo mstari, na safu libaki la wima peke yake. Kisha tuzitenganishe kauli mbili: "safu nambari 4" kwa kinachoandikwa, na "safu ya tano" kwa kinachohesabiwa na jicho.

Kwa vipimo vitatu, tutangulize ukurasa: gazeti[0][3][1] ni ukurasa nambari 0, mstari nambari 3, safu nambari 1. Mwanafunzi akiuliza huo ni ukurasa wa ngapi, mwalimu amjibu: wa kwanza.