Sheria ya Jamaa mbele ya nyumba zetu za pwani



Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Muji umeharibu jamaa.» Neno hilo linasemwa kwenye vilio, katika mikutano ya mashirika, hata katika mahubiri. Ni neno jepesi, na halitufundishi kitu. Afazali tusome kitabu kimoja kinachotaka kupanga maisha ya jamaa katika inchi yetu yote, kisha tukipime na yale tunayoyaona hapa Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu. Kitabu hicho ni Sheria ya Jamaa, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyosahihishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016.

Tuanze na mema yake. Kwa desturi za wengi wetu, Wavira, Wafuliru na Wabembe, mutoto ni wa ukoo wa baba, na mali ya marehemu inafuata wanaume wa ukoo. Binti anaondoka kwa ndoa. Mujane anabaki mikononi mwa wandugu wa mume. Sheria imesema namna ingine. Watoto wa marehemu wanapata robo tatu za mali, kwa mafungu sawasawa, binti kama kijana. Hata mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa, kama baba yake alimukubali mbele ya sheria, anahesabiwa pamoja nao. Robo inayobaki ni ya mujane, ya wazazi wa marehemu, na ya wandugu zake. Tena mujane ana haki ya kukaa ndani ya nyumba aliyokaa na mume wake.

Masahihisho ya mwaka 2016 yameongeza mema mengine. Mbele, binti aliweza kuolewa akiwa na miaka 15. Sasa ni miaka 18 kwa wote wawili. Mbele, muke hakuweza kufanya mapatano ya sheria bila ruhusa ya mume. Sasa wote wawili wanatakiwa kupatana. Mama anayeuza ndagala sokoni na kulisha watu nane kwa jasho lake alistahili neno hilo tangu zamani. Wanaosema kwamba sheria hii ni desturi ya wageni tu, waende kwanza kuuliza wajane.

Lakini kusifu si kufunga macho. Tuweke mufano, si wa mutu mumoja, bali wa wengi. Muvuvi mumoja amekaa na muke wake miaka 11, wamezaa watoto 4. Jamaa ya mume ilitoa sehemu ya mahari, ikaahidi kumaliza. Miaka ikapita, haikumaliza. Usiku mumoja zoruba inapindua mutumbwi, na mume anakufa majini. Kisha maziko, mashemeki wanaingia nyumbani na kumuambia mujane: «Wewe si muke wa ndugu yetu. Hatukumaliza mahari yako.» Angalieni vizuri: wenye deni ndio wanaotumia deni lao kama silaha. Aliyekosa kulipa anataka kufaidika kwa sababu hakulipa!

Sheria inasema nini hapo? Inataka mahari itolewe mbele ya ndoa, walau sehemu yake. Basi sehemu inatosha, na mashemeki wale wanasema uongo. Sheria inakubali pia ndoa iliyofungwa katika jamaa, lakini inataka iandikishwe kwenye biro ya Leta. Hapo ndipo njia inafungwa. Baba wa binti hataki kwenda biro mbele ya kupokea yote, kwani anaona kwamba kisha kuandikisha hatakuwa na kitu cha kumukumbusha mukwe wake deni. Mume naye hana haraka, kwani muke anapika, anazaa, analima, hata bila kartasi. Kwa hiyo kartasi haiandikwi. Siku ya kifo, mujane anaanza kutafuta washuhuda. Sheria imemujengea nyumba nzuri, lakini imeacha ufunguo mikononi mwa wale wanaotaka kumufukuza.

Mutu atasema: «Kosa ni la watu, si la sheria.» Kwa sehemu ni kweli. Lakini sheria inapaswa kujua watu inaowatungia. Mahari ilianza kijijini, na kijijini deni la mahari halikuvunja ndoa. Mara nyingi deni lenyewe lilikuwa kamba iliyofunga koo mbili. Wazee walikumbuka kila mbuzi, nani alimuleta, nani alimupokea. Ukumbusho wao ulikuwa ndio kitabu cha ndoa.

Pwani yetu imetawanya ukumbusho huo. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, mbali na wazee wao, kisha kikasimama kwa miaka mingi sababu ya vita vya mwaka 1996. Vita hivyo, na vile vya mwaka 1998, viliwavusha watu wengi mpaka Burundi na Tanzania. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba; maji ya Ziwa yaliyopanda mwaka 2021 na 2024 yalifunika viwanja, na majirani wakahama kila mumoja upande wake. Mushuhuda wa mahari yuko wapi leo? Ukumbusho wa wazee umepotea, na kartasi haijachukua nafasi yake. Hapo ndipo mujane anaanguka.

Na sisi watu wa Kanisa? Mara nyingi tunawaambia wawili waliokaa pamoja: «Malizeni kwanza mahari, kisha mutarudi.» Tunasema hivyo kwa heshima ya wazazi, na heshima hiyo ni haki. Lakini kama tunasema hivyo miaka kumi, tumesimama upande wa nani?

Shirika lina nguvu ambayo biro haina: linajua nyumba zake. Kiongozi wa shirika anajua nani amekaa na nani, na watoto ni wangapi. Anaweza kuita jamaa mbili, waandike mbele ya washuhuda: sehemu hii imetolewa, deni hili limebaki, na binti ni muke. Baba wa binti akiwa na kartasi ya deni lake, hataogopa tena kwenda biro. Pili, shirika likumbushe wazazi kuandikisha kila mutoto katika siku 90, pamoja na jina la baba. Kwani mutoto aliyekubaliwa na baba ana haki yake, hata mama yake akikosa kartasi ya ndoa. Shirika halitachukua nafasi ya ukoo wala ya Leta. Litakuwa mushuhuda, na mushuhuda ndiye anayekosekana.

Wanafunzi wa seminari watakaokwenda likizo Baraka, Fizi, Luvungi au hapa mujini, wafanye kazi moja ndogo: waulize mama zao ni nani aliyeandika ndoa yao, na wapi. Majibu yao yatatufundisha zaidi ya maneno yangu.