Takriri na Mtikisiko: Kuisoma Filamu ya David Rogers

Filamu fupi aliyoipiga David Rogers kwa hadubini katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, miaka ya 1950, ina wahusika wakuu wawili tu: nutrofili, yaani seli nyeupe ya damu, na bakteria aina ya stafilokoko. Nutrofili inajipenyeza kati ya seli nyekundu, inazisukuma kando, inageuka kila bakteria anapohama, hatimaye inammeza. Taharuki inapanda bila msaada wa sauti, na mtazamaji hujikuta akiipa seli nia. Fani inayoibeba taharuki hiyo, hata hivyo, imejificha ndani ya mwindaji.

Msingi wake ni takriri. Aktini, protini inayouunda mfumo wa kuisogeza nutrofili na ambayo mwanabiokemia Brunó Straub aliitenga huko Szeged, Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ni kipande kimoja kinachojirudia mpaka kuwa uzi uliosokotwa, wenye unene wa takriban nanomita 7. Vipande vyote vimeelekea upande mmoja, ndiyo maana ncha mbili za uzi hazilingani: moja hukua upesi, nyingine hukawia au hupukutika. Tena kila kipande huingia na ATP, molekuli ya nishati ambayo huvunjwa muda mfupi baadaye, hivyo uzi hubeba alama ya umri wake, na protini ya kofilini huzitambua sehemu kongwe na kuzikata. Takriri inayojihariri namna hii ni ufundi wa hali ya juu.

Ukingoni mwa seli, changamano la protini liitwalo Arp2/3 hupachika tawi changa ubavuni mwa uzi uliotangulia, kwa pembe ya digrii 70 hivi, na matawi hayo hufanya wavu mnene ambao ncha zake zinazokua zimeuelekea utando wa seli. Hapa ndipo filamu inapodai kutazamwa upya. Stafilokoko hana mkia wa kuogelea; anayumbishwa na mtikisiko wa joto wa molekuli zinazomzunguka. Utando wa nutrofili na nyuzi zilizo chini yake hutikiswa na joto lilo hilo, lakini kila mwanya unapofunguka kati ya utando na nyuzi, kipande cha aktini huuziba, na utando hauwezi tena kurudi ulipokuwa. Mwindwa anachukuliwa na bahati. Mwindaji anaidaka na kuifunga kipande kwa kipande. Hata pale penye kona, ambapo jicho huona uamuzi, kilichotokea ni kwamba kemikali zinazotoka kwa bakteria zimechochea wavu ukue zaidi upande mmoja, huku ule wa upande wa pili ukivunjwa na vipande vyake kurudi kazini.