Safari za Ukakamavu: Mafunzo au Maonyesho?



Dada yangu ana kijana anayesoma skuli ya bweni upande wa Didia, katika mkoa wa Shinyanga. Mtoto wa Tanga, aliyezoea upepo wa bahari na kivuli cha mnazi, leo yuko katika nchi ya majabali, ng'ombe na vumbi. Likizo iliyopita alirudi na daftari lake la insha. Ndani yake mlikuwa na insha ndefu juu ya safari ya siku mbili waliyokwenda na mwalimu wao: kutembea kwa miguu kutwa, kulala nje, kupika wenyewe na kupanda jabali kwa kamba. Mama yake aliisoma hata machozi yakamtoka. Akanambia, "Kaka, mimi nimempeleka mwanangu kusoma, au nimempeleka kuning'inizwa kwenye mawe?" Akanitaka niisome, nitoe hukumu.

Nimeisoma mara tatu. Na kwa kuwa safari za namna hii zinazidi kuenea katika skuli zetu, na wazazi wengi wa pwani wanazitia saini bila kuuliza, nimeona ni kheri niipime insha hii mbele yenu, na pamoja nayo niyapime mafunzo yenyewe.

Kwanza tujue yametoka wapi. Mafunzo haya kwa sura tunayoijua leo yalianzishwa na Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyeihama nchi yake katika zama za Hitler akakaa Uingereza. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, yeye na Lawrence Holt, tajiri wa meli, walifungua skuli yao pwani ya Wales, mahali paitwapo Aberdovey. Ilikuwa ikisemwa kwamba meli zilipozamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu zao walikata tamaa na kufa upesi mashuani, na wazee wakasalimika. Kilichowapungukia vijana hakikuwa nguvu, bali subira. Skuli ile wakaiita Outward Bound, jina la kibaharia, maana yake chombo kinachotoka bandarini kushika bahari kuu. Watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mafunzo hayo yakafika kwetu Afrika Mashariki, ikafunguliwa skuli ya milimani Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro. Mwaka 1966 Kenya ikaanzisha mpango wa Tuzo ya Rais kwa vijana, na safari ya porini ikawa ni sehemu moja ya mpango huo.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Hahn hakuona kupanda mlima kuwa ndiyo shabaha. Katika skuli yake ya Gordonstoun, kule Scotland, wanafunzi walifundishwa kuzima moto, kulinda pwani na kuwaokoa watu waliopatwa na ajali. Kupanda na kutembea kulikuwa matayarisho, na khidma kwa watu ndiyo iliyokuwa tunda. Lakini kitu kinaposafiri nchi hadi nchi, aghlabu ganda hufika na kokwa hubaki nyuma. Yaliyofika katika skuli nyingi ni kamba, jabali na picha ya kileleni. Khidma imesahauliwa njiani.

Tuirudie insha ya kijana wetu. Nusu yake ya kwanza ni nzuri, na sitaki kumnyima haki yake. Anasema kweli juu ya kiu, juu ya malengelenge ya miguuni, na juu ya usiku wa kwanza aliposikia fisi akajifunika shuka gubigubi. Anamtaja mwanafunzi mwenziwe, kijana mnyamavu ambaye darasani hakuna amjuaye, jinsi alivyogawa maji yake ya mwisho bila kuombwa. Jambo hilo halifundishwi ubaoni. Kama safari haikuleta jingine ila hilo, haikupotea bure.

Lakini insha ina kasoro tatu, na kila moja inatufunulia kasoro ya safari zenyewe.

Ya kwanza: anaandika kwamba walipita katika "pori tupu". Nilipomhoji aniambie lilivyokuwa, akanieleza miti iliyosongamana na majani marefu, na upande wa pili ardhi iliyoliwa na mifugo ikabaki nyeupe. Basi ile si pori tupu. Kwa maelezo yake ile ni ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua, ili ng'ombe wapate chakula kiangazi kikikaza. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti hata watu wakaiogopea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakiuita HASHI, na njia yake kubwa ikawa ni kuirejesha desturi hii ya wazee. Miti ikarudi. Vijana arubaini wamepita ndani ya kazi ya mikono ya watu, wakaiona tupu, kwa sababu macho yao yalikuwa juu ya jabali. Safari isiyomfundisha mwanafunzi kuuliza mahali hapa pana nani na wamefanya nini, imemchosha miguu tu.

Ya pili: katikati ya insha mna sentensi moja inayosema kwamba "mchungaji mmoja" aliwaonyesha lambo lenye maji. Basi. Hana jina, hana umri, hana salamu. Nikamwuliza kijana, "Alikuwa mkubwa kiasi gani?" Akasema, "Mdogo kuliko mimi, mjomba. Pengine miaka kumi." Nikamwuliza kama walimwamkia "Mwangaluka", kama ilivyo adabu ya Wasukuma asubuhi. Akainamisha kichwa. Ajabu iliyoje! Mtoto yule hutembea jua hilo hilo, kwa kiu hiyo hiyo, kila siku ya Mungu, na wala hakuna mtu anayempigia makofi jioni. Aliyewaokoa arubaini wale na kiu amepewa sentensi moja, na jabali limepewa kurasa mbili.

Ya tatu ndiyo kubwa. Siku ya pili walikuwa wapande jabali refu zaidi. Mwalimu akaona wingu linakusanyika, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameteguka mguu. Akaamuru warudi. Kijana wetu ameandika habari hii kwa haya, kana kwamba wameshindwa. Mimi nasema hapo ndipo mahali bora pa safari nzima, naye hakupajua.

Tukumbuke kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Kahf. Alitoka na kijana wake, safari ndefu, kumtafuta mja mwenye elimu. Walichoka, na Musa mwenyewe alikiri uchovu wake akataka chakula. Kijana akasema kweli kwamba alimsahau samaki pale mwambani. Musa hakumgombeza kwa kuukosa mlo. Aliona kuwa mahali pale ndipo walipokuwa wakipataka, wakarudi wakifuata nyayo zao wenyewe. Kwa kurudi nyuma ndipo walipompata mwalimu waliyemtafuta. Tazameni mambo matatu yaliyomo: mkubwa haoni haya kusema nimechoka, mdogo haogopi kusema nimekosa, na wote wawili hawaoni aibu kurudi. Mwalimu asiyekuwa na haya matatu asikabidhiwe watoto wa watu porini.

Na msidhani nasema kwa kuwatisha. Mwezi wa Aprili 2012, vijana wa kundi la kanisa walikwenda kutembea katika genge la Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya. Maji ya mafuriko yakawakuta ndani ya bonde lile jembamba, wakafa saba. Mwaka 2019 maji yakaua tena watu saba mahali hapo hapo. Mafuriko ya namna hii hutokana na mvua iliyonyesha juu, mbali na macho, na aliye chini huenda asione tone. Na khatari haiko genge na jabali tu. Mei 6, 2017, huko Karatu, basi lililowachukua wanafunzi kwenda kufanya mtihani lilitumbukia korongoni, wakafa watu 35. Hao hawakwenda kucheza na kamba, walikwenda kujibu maswali.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi mzazi anapoletewa karatasi ya kutia saini, aulize: Nani anaongoza, naye anaijua njia hiyo? Gari ni zima, na litasafiri mchana? Maji yako wapi? Nani anajua kumfunga aliyevunjika? Wasichana wana mwangalizi wa kike? Nani mwenye amri ya kusema "turudini"? Kuuliza hivi si woga wala si dharau kwa mwalimu. Mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Limebaki neno moja, nalo limenikosesha usingizi. Kijana wetu anajivunia kwamba ameteremka jabali kwa kamba. Lakini kaskazini-magharibi ya Didia kuna Geita na machimbo yake ya dhahabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto, wengine wa miaka minane tu, waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwemo: wakiteremka maduarani, wakibeba mawe, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto wa huko akiteremka shimoni, chini yake hakuna mwalimu anayesubiri kumpongeza. Tunamfundisha mmoja ushujaa kwa tabu ya kukodi, na mwingine tabu imemkuta nyumbani kwao wala hatumwiti shujaa. Ikiwa kijana wetu atarudi kutoka jabalini bila ya kumfikiri mwenziwe huyo, basi amejifunza kiburi tu.

Hukumu yangu kwa dada yangu ni hii: mwache mwanao aende. Mtoto asiyewahi kupata kiu hatamjua mwenye kiu. Lakini uliza maswali yako, na usitie saini mpaka ujibiwe.

Na kijana nimempa kazi. Nimemwambia akirudi Didia amtafute yule mchungaji, amwamkie, amwulize jina lake na ngitili ile ni ya nani, kisha aiandike insha upya. Juma lililopita nimepata barua yake. Baada ya shikamoo ananambia kwamba mtoto yule alimwuliza swali moja ambalo hakuweza kulijibu: kwa nini siku ile walipanda jabali, na juu yake hakuna ng'ombe aliyepotea?

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, wa bara na wa pwani, wenye kamba na wasio na kamba. Amin.