Nani Shahidi? Mkono na Uso katika Mchoro wa Caravaggio wa Kuuawa kwa Mathayo Mtakatifu

Neno 'shahidi' katika Kiswahili lina maana mbili: mtu aliyeona tukio na anayeweza kulieleza, na mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Maana hizi zinakutana, tena zinagongana, katika mchoro wa Caravaggio wa Kuuawa kwa Mathayo Mtakatifu, uliokamilika mwaka wa 1600 na ambao ungali katika kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Zama za Kati, Mathayo aliuawa Ethiopia kwa amri ya Mfalme Hirtacus, kwa kuwa alimkataza kumwoa Iphigenia, bikira aliyewekwa wakfu. Hata hivyo, Ethiopia haionekani mchoroni. Baadhi ya watu walio karibu na altare wamevaa mavazi ya Italia ya enzi ya msanii. Isitoshe, uchunguzi wa eksrei umeonyesha kwamba chini ya rangi kuna jaribio la awali lenye wahusika wadogo zaidi, ambalo Caravaggio aliliacha. Mabadiliko hayo ya kifani yana uzito wa kimaudhui: mauaji ya nchi ya mbali yanasogezwa hadi mbele ya macho ya hadhira.

Mwangaza unamwangukia zaidi muuaji kuliko mtakatifu. Muuaji ni kijana aliye karibu uchi, mwenye upanga, naye ameukamata mkono wa mzee aliyeanguka. Kiganja cha Mathayo ki wazi. Kutoka mawinguni malaika anainama kumpa tawi la mtende, ishara ya ushindi wa wafiadini. Je, kiganja hicho kinazuia pigo au kinapokea tawi? Mchoro haujibu, na humo ndimo nguvu yake ilimo. Mtakatifu asiyejua hofu angebaki kuwa nembo tu. Huyu ni binadamu ambaye kuogopa na kukubali kwake vimo katika tendo moja.

Waliomzunguka wanatawanyika. Mvulana upande wa kulia anakimbia huku akipiga ukemi. Nyuma kabisa, mwanamume mwenye ndevu anageuka kutazama akiwa anaondoka. Uso huo ni wa Caravaggio mwenyewe. Yeye ni shahidi kwa maana ya kwanza pekee: ameona, lakini hakuingilia kati.

Msanii angeweza kujichora akiwa amepiga magoti, kama walivyochorwa wafadhili wengi katika sanaa ya kidini. Badala yake amejiweka miongoni mwa wanaojiokoa. Kwa hivyo mchoro huu hausifu tu ujasiri wa mfiadini. Unamhoji pia anayeutazama, kwa kuwa naye, sawa na yule mwenye ndevu, ameyaona mauaji na yuko karibu kuondoka.