Kongole kwa Walezi wa Karen

Nawapa kongole wafanyakazi wa KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanza mwaka 1910 na chenye makao Karen, Nairobi. Paka aliyetupwa na wanawe, mbwa mwenye upele aliyefukuzwa kila kibanda: hapo wanapata pa kulala. Hutibiwa, huchanjwa, kisha hufungwa uzazi kabla ya kukabidhiwa familia mpya. Hatua hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, maana inapunguza vitoto visivyo na pa kwenda. Anayetaka kumchukua mnyama huulizwa maswali kwanza. Wapo wanaoudhika, mimi nasema waulizwe zaidi. Na paka mzee mwenye jicho moja, ambaye wageni humpita tu, naye hulishwa asubuhi kama wengine, akiitwa kwa jina lake.