Kosa Namba 32

Kuna gari linalogoma barabarani, lakini likivutwa hadi gereji linawaka kwa ufunguo wa kwanza. Mwenye gari anaapa, fundi anamtazama tu. Sisi waandishi wa programu tuna gari letu la namna hiyo: jaribio la kiotomatiki linalopita mara 199, mara ya 200 linafeli, tena kwenye Windows peke yake. Kwenye Linux halijawahi hata kukohoa.

Dawa ya wengi ni kubonyeza kitufe cha kuendesha upya. Nyekundu inageuka kijani, watu wanakwenda kula. Nimekibonyeza kitufe hicho miaka mingi bila aibu, na sikuwa peke yangu: mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa aina hii.

Aliyenifanya niione kazi hii kuwa ufundi ni dada mmoja tuliyekuwa naye ofisini, mtu wa maneno machache. Jaribio letu liliwasha seva ndogo, likaiuliza maswali mawili matatu, likaizima, kisha likafuta folda ya muda ambamo seva ilikuwa ikiandika kumbukumbu zake. Lilifelia hapo kwenye kufuta, kwa kosa namba 32: faili linatumiwa na mchakato mwingine.

Nikasema, "Dada, tuliambie lisubiri sekunde moja kabla ya kufuta."

"Kwa nini isiwe mbili, kaka?"

Sikuwa na jibu.

Yeye alianza na hesabu. Kitu kinachofeli mara moja katika 200, ukikiendesha mara 200 bila kukitengeneza, kina nafasi ya 37 kwa 100 ya kupita zote. Kijani hicho hakikuambii lolote. Ungehitaji kuendesha mara 600 hivi ndipo uanze kukiamini. Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo, alikaa siku mbili akiuzidisha ugonjwa. Aliichosha kompyuta kwa kazi za bure, akaendesha nakala nyingi za jaribio kwa pamoja, akapunguza nguvu ya mashine. Jioni ya pili lilikuwa linafeli mara moja katika kila nane. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile kwa sababu kitu chake kimeharibika zaidi.

Kwa nini Windows tu? Kwenye Linux, kufuta faili ni kuondoa jina lake. Aliyelifungua anaendelea nalo hadi amalize. Windows ina adabu nyingine. Anayefungua faili hutangaza wenzake waruhusiwe kufanya nini wakati amelishika, na asiporuhusu lifutwe, anayetaka kulifuta anakataliwa. Basi swali lilikuwa moja: nani amelishika?

Sote tulikuwa na jibu tayari. Antivairasi! Hukimbilia kila faili jipya kulikagua, na ina sifa mbaya ya siku nyingi. Dada hakubisha. Aliwasha Process Monitor, programu ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell inayoandika kila faili linapofunguliwa, kusomwa na kufungwa, nani kafanya na saa ngapi, hadi vipande vidogo vya sekunde. Mistari ilimiminika kwa maelfu. Akachuja ibaki folda yetu tu, na kweli, antivairasi ilikuwamo.

Hapo mimi ningefunga daftari. Yeye alifungua rekodi ya mara ambayo jaribio lilipita, akaziweka mbili ubavu kwa ubavu. Antivairasi ilikuwamo katika zote mbili, imeingia na kutoka mapema. Tofauti ilikuwa chini zaidi. Katika rekodi ya ugonjwa, jaribio linaomba kufuta faili la kumbukumbu, linakataliwa. Milisekunde chache baadaye, seva yetu wenyewe inaliachia faili hilo, ndipo inakufa.

Kumbe kwenye Windows amri ya kuua mchakato hurudi papo hapo, kabla mchakato haujakata roho. Lazima uusubiri. Sisi tulikuwa tunagawana urithi na mgonjwa bado anahema.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: subiri hadi seva iondoke kabisa. Siidharau njia ya kusubiri na kuangalia tena na tena; hata majaribio ya lugha ya Python yenyewe, yakifuta kitu kwenye Windows na kitu hicho hakijatoweka, husubiri sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha maradufu yake, kisha maradufu tena. Mshikaji akiwa mgeni usiyemtawala, utafanyaje? Lakini huyu alikuwa mtoto wetu wa kumzaa.

Aliliacha lijiendeshe usiku kucha katika makelele yale yale, halikufeli. Asubuhi akauondoa mstari, ugonjwa ukarudi. Akaurudisha, ukaisha. Kisha akaandika maelezo ya mabadiliko, marefu kuliko mabadiliko yenyewe: nani alishika faili, aliachia lini, namna ya kulifanya jaribio lifeli kwa makusudi. Sentensi ya mwisho ilisema antivairasi haihusiki, maana alijua nitauliza.