Mkasi Uliokata Hema

Thomas Hiram Holding alikuwa fundi cherehani jijini London, mtu wa kupima mabega na kukata makoti. Alipenda pia baiskeli, na alipenda kulala porini, na mapenzi hayo mawili hayakai pamoja mpaka mzigo upungue. Mwaka 1898 alitoa kitabu juu ya safari yake ya baiskeli na hema huko Connemara, Ireland. Mwaka 1901 akaanzisha chama cha wapanda baiskeli wanaolala kambini. Kambi yao ya kwanza, huko Wantage, ilikuwa na watu sita tu. Mwaka 1908 akachapisha mwongozo mnene wa maisha ya kambi. Mahema aliyoyatumia aliyabuni mwenyewe, mengine ya hariri, kwa akili ileile iliyomlisha mjini: kitambaa kidogo kilichokatwa vizuri kinakaa vyema mwilini kuliko kingi kilichokatwa ovyo.

Kabla yake, na mahali pengi hata baada yake, aliyelala hemani hakuwa aliyelibeba. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara iliwatwika wapagazi mahema ya kitambaa kizito, nguzo na vigingi, na Mzungu aliyelala humo usiku hakuwa na sababu ya kuuliza mzigo ule una ratili ngapi. Hata leo Kilimanjaro hali haijaenda mbali sana na hapo. Hema la mgeni hupanda mlima na mpagazi, ambaye kikomo cha mzigo wake kimewekwa kilo 20, na hema lenyewe limechaguliwa ili lidumu misimu mingi, si kwa kumhurumia anayelibeba. Hema jepesi lilianza pale mlalaji na mbebaji walipokuwa mtu mmoja. Wala sishangai kwamba miongoni mwa wa mwanzo kulifikiria kwa makini alikuwa mshona makoti.

Anayenunua hema la mtu mmoja siku hizi huanza na mizani. Ni haki yake, maana ndiye atakayepanda nalo. Lakini uzito ulioandikwa kwenye lebo una ujanja wake. Watengenezaji wengi hutaja uzito wa hema, chandarua na fito peke yake. Vigingi, kamba na mifuko ya kuhifadhia vimeachwa nje ya hesabu, kana kwamba hema litashikwa chini na dua. Mengine hayana fito kabisa, husimamishwa kwa fimbo za kutembelea. Kama fimbo unazo mkononi siku zote, umepata nafuu ya kweli. Kama hutembei nazo, umeuziwa nyumba isiyo na nguzo. Uliza uzito wa kila kitu kitakachoingia kwenye shanta lako, kisha uiache mizani kwanza. Omba hema lisimamishwe, uchutame ubavuni, utazame lilivyokatwa.

Tazama mgongo wa paa, ule mstari wa juu kati ya nguzo na nguzo. Kitambaa kilichokatwa mstari ulionyooka kitalegea katikati hata ukikaza kamba mpaka vidole viume, kisha upepo ukija kinapiga makofi usiku kucha. Fundi anayejua kazi yake hukata mgongo ule kwa mbonyeo, sentimita chache tu, na mbonyeo wenyewe haukubahatishwa. Ni mkunjo wa mnyororo ulioning'inizwa ncha mbili. Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli waliutolea majibu ya kihisabati mwaka 1691, na kitabuni una fomula ya kumtoa mtu jasho. Wanaojishonea nyumbani hawahitaji fomula. Wanapiga misumari miwili ukutani kwa umbali wa paa lao, wananing'iniza mnyororo mwembamba, wanaulegeza mpaka tumbo lake lishuke kadiri wanavyotaka, kisha wanaufuata kwa chaki juu ya karatasi. Hiyo ndiyo patani. Ukikata kwa patani hiyo na kulivuta hema, mvutano unaenea kwenye paa zima na mikunjo inatoweka. Hapo ndipo ninapovua kofia: fundi ametupa kitambaa, hema limepungua gramu kadhaa, na papo hapo limekuwa imara zaidi.

Baada ya mkato ndipo nauliza kitambaa. Unene wa nyuzi hupimwa kwa denia, ambayo ni uzito wa gramu wa mita 9,000 za uzi. Mahema mepesi hufumwa kwa uzi wa denia 15 au 20. Yaani kilomita tisa za uzi huo zina uzito wa gramu 15 au 20, na juu yake unakabidhi usingizi wako. Kila baada ya milimita chache huingizwa uzi mzito zaidi, kwa urefu na kwa upana, ili mpasuko ukianza ugonge ukuta na kusimama. Ukikiinua kwenye mwanga utaona vijumba vidogo vya mraba. Nailoni ya namna hii, iliyonyweshwa silikoni, ina nguvu ajabu kwa unene wake, ila ina tabia moja: hunywa maji na kurefuka. Hema ulilolikaza kama ngoma magharibi, saa nane za usiku mvua ikinyesha limeshuka usoni, na wewe uko nje na tochi mdomoni unakaza kamba. Poliesta hainywi maji kiasi hicho, haishuki, ingawa kwa unene uleule nguvu yake ni pungufu kidogo. Kwa nchi za mvua nachagua poliesta bila kusita.

Ufundi huu haukukulia viwandani peke yake. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 mwenye umri wa miaka 67, alitembea njia ya Appalachian ya Marekani kutoka Georgia hadi mlima Katahdin, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa na mfuko aliojishonea na pazia la plastiki la bafuni kwa ajili ya mvua. Hakuwa na hema hata kidogo. Ray Jardine, mhandisi wa anga na mpanda miamba, alitoa mwongozo wake wa njia ya Pacific Crest mwaka 1992, akawafundisha watembezi kushona vifaa vyao na kulala chini ya turubai nyembamba. Kisha Henry Shires akabuni hema lake la turubai lenye chandarua, akatembea nalo njia hiyohiyo mwaka 1999, na patani akaiweka wazi kwenye intaneti, mwenye cherehani ajishonee. Mafundi wetu wengi hufa na patani zao kichwani. Nikimfikiria mtu anayebuni kitu cha kuuzika na kugawa patani yake bure, naona huyo ameuheshimu ufundi kuliko wanaousifu kwa maneno.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni hema la Mkanada Dan Durston, X-Mid, lililotoka mwaka 2018. Tatizo alilolishughulikia ni la zamani: hema la fimbo moja lina nguzo katikati ya mlango au katikati ya mlalaji, na la fimbo mbili kwa kawaida linataka vigingi vingi. Durston alichora paa la mstatili, akaziweka fimbo mbili mbali na katikati, kila moja upande wake, kisha chumba cha chandarua akakilaza mshazari ndani ya mstatili ule. Kwa kugeuza chumba tu, zilipatikana pembetatu mbili zisizolaliwa na mtu, nazo zikawa vibaraza viwili vya viatu na jiko. Nguzo hazimzuii mtu mlangoni. Msingi una pembe nne, kwa hiyo linasimama kwa vigingi vinne, na hata mgeni wa mahema hakosei. Uzito wake ulikuwa kama gramu 800, kwa poliesta ya bei ya kawaida. Gramu alizookoa zilitokana na kufikiri.

Upo pia wepesi unaonunuliwa kwa fedha. Kitambaa cha Dyneema, ambacho mwanzo kiliitwa Cuben, kilitokana na matanga ya mashua za mashindano. Jina lile la kwanza lilihusishwa na mashua ya America³, iliyotwaa Kombe la Amerika mwaka 1992. Hakinyonyi maji, hakivutiki, na hema la mtu mmoja la kitambaa hicho laweza kushuka chini ya gramu 500. Bei yake yaweza kuzidi dola 600. Kwa kuwa tundu la sindano hukidhoofisha, viungo vyake vingi hugundishwa badala ya kushonwa. Ni hema zuri, sikatai. Nasikitika kidogo tu kwamba sindano imepumzishwa.

Mengine ni mafupi. Pumzi yako ni maji, na usiku itakuwa matone ukutani. Kwenye ukungu wa msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, hema la ukuta mmoja litaloa ndani hata kusiponyesha, kwa hiyo tafuta lenye tundu la hewa juu na nafasi chini. Sakafu iwe ya beseni, kingo zake zimeinuka kuzuia maji yanayotiririka. Jilaze humo ukiwa juu ya godoro lako lililojazwa hewa, kwani godoro hukuinua, na ukuta ulioinama uliokuwa mbali na pua ghafla unakugusa.

Mwisho pitisha kidole kwenye mshono. Unaotakiwa ni ule wa upande wa ndani wa miguu ya suruali ya jinzi, kingo mbili zimekumbatiana na kushonwa mara mbili, mishono mitatu au minne kwa sentimita. Ikiwa michache, mshono utafunguka. Ikizidi, matundu ya sindano yatakuwa mstari wa kuchania. Pembeni, pale kamba zinapofungwa, pawe na kiraka kilichoongezwa ndani, kwa maana hapo ndipo nguvu zote za upepo hukutania. Hema la nailoni yenye silikoni pande zote mbili huenda likauzwa likiwa na mishono isiyozibwa, kwani utepe wa kawaida hauishiki silikoni. Kazi hiyo imeachiwa mnunuzi. Isikutishe. Chukua silikoni angavu ya mafundi wa madirisha, iyeyushe kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama uji wa mtoto, lisimamishe hema siku kavu, upake mishono yote ya paa kwa brashi nyembamba ukifuta inayozidi. Liache mpaka kesho yake, halafu nyunyizia poda ya talki mistari yote uliyoipaka, la sivyo hema litajigandisha lenyewe ndani ya mfuko.